Simu yako, masomo na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa wazazi, wanafunzi wa sekondari na vijana waliomaliza chuo wapo mtaani wanatafuta kazi, yanajirudia mno kwaiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Naongelea zaidi Tanzania maana ndo napopajua, ila nachukua na mifano ya Kenya, Botswana, Niger na India, sehemu ambazo watu walijaribu kitu na simu alafu wakakipima kama kimesaidia au la.

Kwani simu inamsaidia kweli mtoto kwenye masomo au inamharibu tu?

Inasaidia, ila inategemea upande wa pili wa simu kuna nani. Mfano naoupenda kuliko yote ni wa Botswana mwaka 2020, shule zimefungwa kwa sababu ya korona. Kuna shirika la kule ambalo sasa linaitwa Youth Impact, wao na watafiti wakachukua familia zaidi ya 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi wakazigawa mafungu matatu. Fungu moja halikupewa chochote, la pili likawa linatumiwa meseji za hesabu kila wiki, la tatu likapata meseji zile zile lakini na mwalimu akawa anapiga simu mara moja kwa wiki, dakika kama 15 mpaka 20, simu ya kawaida kabisa ya sauti, mzazi anaweka laudspika mtoto anasikia na wanapiga hesabu pamoja mpaka mtoto aelewe.

Watoto waliopigiwa simu walipanda kwenye hesabu. Waliopata meseji tupu hawakuonekana kuwa na tofauti ya maana na wale ambao hawakupata kitu. Baadae wakarudia kwenye nchi zingine, Kenya na Uganda zikiwemo, pamoja na India, Nepal na Ufilipino, na simu za mwalimu zikaleta matokeo tena.

Mi hapo ndo nawaambiaga wazazi waangalie vizuri, hakuna apu wala tablet wala bando kubwa kwenye hiyo habari, kuna mwalimu mmoja na mtoto mmoja wanaongea. Ukiwa na mwalimu wa mwanao au hata kaka yake aliyepo chuo ambae anaweza kupiga simu jumamosi wakafanya maswali matano ya hesabu za sehemu (nusu, robo), hiyo ni elimu kwa simu tayari na gharama yake ni dakika tu.

Nina kitochi tu, hakina intaneti. Nimeachwa nyuma?

Hapana. Vitu vingi vizuri vya elimu huku kwetu vilianzia kwenye kitochi kwa sababu ndo simu iliyopo kwenye nyumba nyingi. Kenya kuna Eneza Education na huduma yao ya Shupavu 291, mwanafunzi anabonyeza *291# anachagua darasa na somo, anapata somo fupi na maswali, akikwama anamuuliza mwalimu na jibu linarudi kwa meseji. Tanzania Shule Direct ambayo ilianzishwa 2013 na Faraja Nyalandu walikuja na Ticha Kidevu, nae unamuuliza kwa meseji. Na Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa kwenye TV mwanzoni mwa 2014 watoto walikuwa wanajibu maswali ya hesabu kwa meseji kwa kutumia simu ya mzazi.

Sasa lazima nikwambie na mipaka yake. Meseji moja ni herufi 160, huwezi kumfundisha mtu usanisinuru wote humo. Inafaa kwa maswali mafupi, kukumbushia, misamiati, fomula, na kwa mtoto ambae ameshafundishwa darasani anataka kujipima. Kama hajaelewa kabisa rudi kwenye jibu la juu, tafuta mtu apige simu.

Nina smatifoni. Nipate wapi vitabu na pepa bila kulipia?

Anza na Taasisi ya Elimu Tanzania, TIE, wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vile vile vinavyotumika shuleni, unajisajili unasoma bure. Nimekutana na wazazi wananunua PDF za vitabu hivyo hivyo kwenye magrupu ya WhatsApp kwa elfu mbili elfu tatu, inauma maana vipo bure.

Alafu kuna kitu wanafunzi wengi wa form four hawakijui kabisa. Kwenye tovuti ya NECTA, lile Baraza la Mitihani, mbali na matokeo kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo wanaeleza swali la ngapi lilifeliwa sana, watahiniwa walichanganya nini, na wanaweka mpaka picha ya jibu zuri na jibu baya lililoandikwa kwa mkono na mtahiniwa mwenyewe. Mwanafunzi akisoma ripoti ya Baiolojia ya miaka mitatu tu anaanza kuelewa msahihishaji anataka nini. Download mara moja ukiwa na bando, ibaki kwenye simu, watumie na wenzako kwa bluetooth.

Bando linaisha kabla sijamaliza hata topiki moja, nifanyeje?

Kinachokumaliza ni vidio. Vidio ya saa moja ukiiangalia kwa 720p inaweza kukaribia GB nzima au kupita, ile ile ukiishusha mpaka 144p inakula sehemu ndogo sana ya hiyo, na kama ni mwalimu anaandika ubaoni au anaongea bado unaelewa vizuri. Kwaiyo shusha kwoliti kwanza. Zima zile vidio zinazojichezesha zenyewe, zima WhatsApp isijidownloadie picha na vidio za kila grupu, na masasisho ya apu yaache mpaka upate wifi. Bando za usiku ni rahisi, tumia usiku kudownload mchana usome, maana PDF ikishaingia haili tena MB.

Na ninyi mnaotengeneza masomo ya onlaini nawaomba sana, toeni na sauti peke yake au PDF nyepesi, mtoto wa Namtumbo anaeazima simu ya mjomba hawezi kufungua vidio yenu ya MB 400.

Shule zimekataza simu, sasa mtoto atasomea saa ngapi?

Shule za sekondari hapa kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, akikamatwa nayo anaweza kusimamishwa masomo, na sishauri kabisa mtu amfichie mwanae simu kwenye tranka. Tumia likizo na jioni kwa wale wa kutwa. Mtoto atumie simu ya mzazi, mzazi akiwa palepale sebuleni, na aingie akiwa na maswali ameshayaandika kwenye daftari. Akiingia kwenye simu hajui anatafuta nini dakika kumi nyingi utamkuta TikTok, hata sisi watu wazima tunaishiaga huko huko.

Mama yangu hajui kusoma. Simu inaweza kumsaidia au ndo ameshachelewa?

Hajachelewa, na hapa kuna ushahidi mzuri sana kutoka Niger, moja ya nchi ambazo watu wazima wengi hawajui kusoma. Mwaka 2009 kulikuwa na mradi unaitwa ABC, madarasa ya watu wazima vijijini mikoa ya Dosso na Zinder, wanafundishwa kusoma na kuandika kwa Kihausa na Kizarma. Vijiji vingine vikafundishwa kawaida, vingine wakaongezewa simu ya kawaida moja kwa watu watano na wakaonyeshwa namna ya kuitumia, kutambua namba na herufi kwenye vibonyezo, kuandika meseji, kutuma na kupokea. Mchumi Jenny Aker na wenzake wakapima, walioongezewa simu walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma na kwenye hesabu.

Sababu naielewa vizuri kabisa. Ukimaliza kisomo ukirudi nyumbani hakuna cha kusoma, hakuna gazeti wala kitabu, ukikaa miezi kadhaa unasahau. Lakini ukiwa na simu kuna meseji ya mwanao, kuna jina kwenye kioo mtu akipiga, kuna salio la M-Pesa. Kwaiyo mama muanzishie hapo, amuandikie mjukuu meseji ya maneno mawili kila siku na mjukuu amjibu. Akishaweza kusoma meseji ya muamala mwenyewe ataacha kumpa kila mtu namba yake ya siri amsomee salio, na hiyo peke yake ni usalama mkubwa wa hela zake.

Ufundi je, unaweza kujifunza ufundi kwenye simu?

Nusu yake unaweza. VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, na Airtel walileta VSOMO mwaka 2016, unasoma nadharia kwenye apu, kozi kama umeme wa majumbani, ufundi simu, uchomeleaji, urembo, alafu ukifaulu ile nadharia unaenda chuo cha VETA kwa mazoezi ya vitendo ndo unapata cheti. Mi napenda sana huo mpangilio kwa sababu unakubali ukweli kwamba hakuna mtu atajifunza kuchomelea kwa kuangalia kioo. Kijana ambae tayari yupo gereji anashika spana bila cheti anaweza kusoma usiku, mchana anaendelea kumsaidia fundi wake na hapotezi kula yake. Kabla ya kulipia chochote uliza chuo cha VETA cha karibu kozi zipi zinaendelea muda huo na vitendo vinafanyikia wapi, maana nauli na malazi ya wiki za vitendo ndo gharama watu wanazosahau kuhesabu.

Nikijisajili kwenye apu na tovuti za ajira ntapata kazi?

Jisajili, ila usikae kusubiri. Za serikali ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unajaza kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), unapandisha vyeti na barua ya maombi iliyosainiwa. Hili unaweza kulifanya lote kwa simu. Scan vyeti vyako vizuri mara moja hata kwa kamera ya simu mchana kweupe, viwe PDF nyepesi, vitunze kwenye email yako, maana tangazo likitoka na dedlaini ni kesho kutwa stationary zinajaa na mtandao unazidiwa.

Kwanini nasema usikae kusubiri? India walifanya utafiti kwa vijana waliohitimu vyuo vya ufundi, wengine wakaunganishwa kwenye huduma ya ajira inayowatumia meseji za nafasi za kazi. Watafiti walitegemea waone ajira zinapanda. Ilitokea kinyume, waliounganishwa kwa muda walifanya kazi kidogo kuliko wenzao, kwa sababu walikuwa wanakataa vibarua vya karibu wakisubiri ile kazi nzuri ambayo simu itawaletea. Nikisoma ule utafiti naona sura za vijana wengi wa hapa, degree ipo, portal ina akaunti, miaka inaenda na kibarua cha dukani kwa shangazi amekikataa.

Kazi nyingi huku kwetu zinapita kwa watu wanaokujua. Tumia simu kuwafikia hao, mpigie msimamizi wako wa fildi umsalimie umwambie umemaliza unatafuta, muulize mliyesoma nae kama ofisini kwao kuna mtu ameenda likizo ya uzazi. Meseji moja ya heshima kwa mtu aliyewahi kuona kazi yako ina nguvu kuliko CV 50 ulizotuma kwa watu wasiokujua.

Nina biashara ndogo, simu itaniongezea nini zaidi ya kupiga stori?

Hapa ndo simu imeonyesha nguvu yake kabisa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya kwa miaka, mwaka 2016 wakatoa hesabu kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, kama asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, na wanawake kama 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kula tu wakaingia kwenye biashara. Mtu akiwa anaweza kupokea hela kutoka mbali na kuweka akiba isiyoonekana na kila anayeingia ndani, anathubutu kuanza kitu.

Mwingine ni wa wavuvi wa Kerala kule kusini mwa India. Minara ya simu ilianza kuingia pwani yao 1997, wavuvi wa dagaa wakiwa bado baharini wakawa wanapiga simu kuuliza soko lipi samaki wanahitajika. Zamani mtu anafika ufukweni anakuta wamejaa, samaki wanamwagwa, na kijiji cha pili wanunuzi wanarudi mikono mitupu. Robert Jensen alikuja kuonyesha mwaka 2007 kwamba kumwaga samaki kuliisha karibu kabisa, faida ya mvuvi ikapanda kama asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kama asilimia 4. Wote walipata, mvuvi na mlaji. Mtu wa Kilwa au Bagamoyo akisoma hapo sidhani kama anahitaji maelezo zaidi, na mkulima wa nyanya wa Ilula vilevile, piga simu masoko mawili kabla dalali hajakupangia bei.

Kwa biashara ya mjini fanya mambo haya ya kawaida kabla ya kufikiria apu yoyote: kuwa na lipa namba, weka bei kwenye picha za status maana wateja wamechoka na "njoo inbox", na namba usibadilishe ovyo, ile namba ndo fremu yako ya duka.

Kazi za onlaini zipo kweli?

Zipo. Kenya serikali yao ina programu ya Ajira Digital inayofundisha vijana kuandika, kutafsiri, kunukuu sauti, na Nairobi kuna kampuni zinazoajiri watu wa kupanga data za akili mnemba. Lakini nyingi zinahitaji kompyuta, Kingereza cha kuandika na umeme wa uhakika, na malipo ya zile kazi za kupanga data yamelalamikiwa sana na wafanyakazi wenyewe, na wale wa kukagua picha na vidio za mitandao ya kijamii wamefika mpaka mahakamani kwa sababu ya kuangalia picha za kutisha siku nzima. Simkatazi mtu, nasema ingia ukijua unalipwa shilingi ngapi kwa saa, hela inakuja kwa njia gani, na nani unamdai ikichelewa.

Nimeambiwa nitume elfu 30 ya fomu ili nipangiwe usaili. Nitume?

Usitume. Sekretarieti ya Ajira haikutozi hela ya maombi wala ya usaili, na mwajiri wa kweli hakuombi hela ya fomu, ya medical kwa namba yake binafsi, wala ya "kushikilia nafasi". Vilevile wale wanaokwambia weka kiingilio uwe unalipwa kwa kulaiki au kuangalia matangazo, wa mwanzo wanalipwa kwa hela za wa mwisho mpaka siku mtandao wao unazima, na mtaani wapo watu waliouza pikipiki kwa ajili hiyo.

Ukipata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", au tapeli yoyote wa ajira, ipeleke namba yake kwenda 15040, ni bure. Na mara moja moja bonyeza *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta laini usiyoijua nenda duka la mtandao husika waifute, maana uhalifu ukifanyika kwa ile laini unatafutwa wewe.

Nikope kwenye apu ninunue simu ya kusomea?

Hapana, tafadhali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza apu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni, mengine ndo yale yanayosoma namba zote za kwenye simu yako na ukichelewa siku mbili yanawatumia meseji mpaka wakwe zako. Simu za kulipia kidogo kidogo ni afadhali, ila jumlisha malipo yote mpaka mwisho ulinganishe na bei ya kulipa kwa mara moja, na jua kwamba usipolipa inajifunga, mitihani iwepo isiwepo.

Mume wangu anasema mwanamke smatifoni ya nini. Nimjibuje?

Mjibu kwa hesabu. Hapahapa Tanzania watafiti waligawa simu kwa wanawake wa kipato cha chini, zaidi ya 1,000 walikuwa kwenye utafiti, na kaya za waliopewa smatifoni matumizi yao kwa mwaka yalipanda kwa kama asilimia 20 kulinganisha na ambao hawakupewa simu. Chakula hicho na ada hizo mume nae anazifaidi. Ila utafiti huo huo ulionyesha simu nyingi ndani ya muda mfupi hazikuwa tena mikononi mwa hao wanawake, zimeharibika, zimeibiwa, zimeuzwa, zimechukuliwa. Kwaiyo dada yangu laini isajiliwe kwa jina lako, namba ya siri ujue wewe, na kama mna kikoba muwekeane utaratibu wa simu iliyoharibika kutengenezwa haraka.

Kijijini kwetu hakuna umeme na mtandao ni wa kupanda kilima, bado kuna maana?

Ipo, na ushahidi upo Tanga. Kwenye shindano la Global Learning XPRIZE watoto kama 2,700 wa vijiji 170 mkoani Tanga walipewa tablet zenye masomo ya Kiswahili ambayo yamo ndani tayari, hayahitaji intaneti, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchajia kwa sola. Wengi wa wale watoto hawakuwahi kuingia darasani, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua karibu nusu. Mwaka 2019 washindi wakawa wawili, onebillion na Kitkit School, na masharti ya shindano yalikuwa programu ziachwe wazi mtu yeyote azichukue na kuziboresha. Kwaiyo kama una ndugu anatoka mjini mwambie akujazie masomo kwenye memori kadi, bodaboda akija na sola ndogo mnachaji.

Nanunua simu ya mtumba, niangalie nini?

Bonyeza *#06# itakuja namba ndefu ya IMEI, itume kwenda 15090 watakujibu hiyo namba ni ya simu ya aina gani, wakikutajia simu tofauti na uliyoshika au wakisema hawaitambui mrudishie muuzaji palepale, simu feki zilishazimwa nchi nzima Juni 2016. Alafu angalia betri linashuka haraka kiasi gani, nafasi iliyobaki isiwe chini ya GB 16 maana PDF na vidio za masomo zinajaza, piga simu usikie spika, na hakikisha muuzaji ametoa akaunti yake ya Google mbele yako, asipotoa siku ukiirestoa inakudai paswedi usiyoijua. Risiti chukua hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono.